Kabla ya kusema "rekodi", soma khanga ya mwigizaji

Nilipoanza kuongoza filamu fupi, tulirekodi sini ya matanga uani kwa jirani yetu huku Temeke. Mjane amekaa mkekani, watu wanaingia mmoja mmoja kumpa pole. Mwigizaji alilia mpaka kameramani akafuta macho. Siku tulipowaonyesha majirani, minong'ono ikaanza katikati ya sini: "Huyu ndiye kamuua mumewe." Nikashangaa, maana kwenye skripti hakukuwa na kitu kama hicho.

Mama mmoja mtu mzima akaniambia, "Mwanangu, hukusoma khanga?"

Nikarudisha nyuma. Kamera ilikaa mgongoni kwa mjane ikiwatazama wanaoingia, na pale mgongoni, katikati ya fremu, kwa karibu dakika nzima, jina la khanga lilisomeka wazi: SINA SIRI NINA JIBU. Dada wa watu aliivaa asubuhi ile kwa kuwa ilikuwa imefuliwa. Mimi nilitazama mji na pindo, nikaona rangi zinapendeza kwenye kamera, basi. Hadhira ya pwani ilisoma jina, ikajitungia kesi ya mauaji, na ilikuwa na haki.

Ndiyo maana leo, mdogo wangu unayeanza kazi hii, nakusihi ushughulike na kilichomo ndani ya fremu kabla hujahangaika na maneno ya waigizaji. Sisi wa bajeti ndogo tunaazima nyumba ya rafiki na kurekodi na kila tulichokikuta humo. Fundi cherehani anayedaiwa kodi ya miezi mitatu anaonekana amekaa kwenye kochi la ngozi, nyuma yake jokofu la milango miwili. Hapo hata akilia machozi ya damu hatuaminiki.

Filamu yangu iliyofuata ilimhusu fundi kama huyo na mkewe, ndoa imepoa. Niliandika ugomvi wa kurasa mbili. Tulipopata chumba cha kupanga chenye mlango mmoja, nikakumbuka kuwa mafundi huweka cherehani mlangoni kufuata mwanga. Nikamweka mume pale, uso nje, mgongo ndani. Mke nikamkalisha chini, ndani kwenye kivuli, anapeta mchele kwenye ungo. Cherehani inalia, ungo unapigwa, chuya zinaruka. Mume anasema, bila kugeuka, kwamba kesho atalala kwa kaka yake. Ungo unasimama. Kidole cha mke kinatoa jiwe moja dogo kwenye mchele, kinaliweka sakafuni taratibu, kisha ungo unaendelea. Kurasa mbili zilibaki mistari minne, na sikuona haja ya kurudisha hata mmoja.

Waliotutangulia walilijua hili. Katika Citizen Kane ya Orson Welles, ya mwaka 1941, kuna mama anayesaini karatasi za kumkabidhi mwanawe kwa mtu wa benki. Mama na mgeni wako mezani, karibu na kamera. Baba amesimama nyuma yao akipinga. Mbali kabisa, ndani ya dirisha, mtoto anacheza kwenye theluji, mdogo kama kidole, hana habari. Mpigapicha Gregg Toland alihakikisha wa karibu na wa mbali wote wanaonekana vizuri kwa wakati mmoja, kwa hiyo unatazama kalamu huku unamwona yule ambaye maisha yake yanaamuliwa. Wengi wetu tungeikatakata sini ile: uso wa mama, uso wa baba, uso wa mtoto. Uchungu wake ungepotea.

Na usiniambie huna kamera. Simu, kwa udogo wa kihisio chake (kile kidude cha ndani kinachopokea mwanga wa picha), hushika karibu na mbali pamoja bila taabu. Zima tu ile hali inayofifisha vya nyuma.

Nenda eneo la kurekodia siku moja kabla, saa ile ile utakayorekodi. Jua la saa sita la Dar linashuka wima na kutia macho kivuli; la saa kumi na moja linaingia mpaka ndani mlangoni. Wapange waigizaji, piga picha chache za simu, kisha mwonyeshe mtu asiyejua hadithi na umuulize nani hapo ana nguvu, nani anaogopa. Akikosea, mhamishe mtu au toa kitu. Usikimbilie kuongeza maneno.

Ile sini ya matanga tuliirudia. Yule mama alileta khanga yake mwenyewe, akaikunja kwa mikono yake ili jina lisionekane. Mpaka leo nikiwa na sini ya uani namwita. Anakaa kando ya kameramani, anawaita waigizaji mmoja mmoja, anawageuza na kusoma migongo yao, ndipo ananipa ishara nianze.