Mtaa gani Kampala kwa mwenye mtoto mchanga?

Maswali yaliyonifikia safari hii karibu yote yana mtoto mgongoni. Watu wanahamia Kampala, au wanatoka Kampala kwenda miji mingine, na wanataka kujua wapange wapi. Nimejibu nikimfikiria yule atakayembeba mtoto kila siku, maana mtaa ataujua yeye kwa miguu yake.

Mume wangu amepata kazi kwenye eneo la viwanda Kampala. Tunahama kutoka Bukoba na mtoto wa miezi minne. Ndugu wanatuambia tupange Kira au Matugga, eti nyumba ni kubwa na bei ni nafuu. Unasemaje?

Dada, kuhusu bei ndugu zako wanasema kweli. Ukishatoka jijini ukaingia Wakiso, pesa ya chumba na sebule inaweza kukupa nyumba nzima yenye uwa. Lakini angalia siku yenyewe itakavyokwenda. Ukipanga Kira, foleni ya barabara ya Jinja jioni inajulikana; na Matugga iko barabara ya Bombo, kwa hiyo mumeo atalikata jiji zima kila asubuhi na kila jioni. Atatoka mtoto amelala na kurudi mtoto amelala. Mchana wote utakuwa peke yako katika mji mgeni, Kiganda hujakizoea, na homa ya mtoto haingoji baba arudi.

Mimi ningeanza na vilima vinavyolizunguka eneo la viwanda: Kibuli, Nsambya na Kisugu ya juu, na upande wa pili Mbuya na Kiswa. Kibuli kuna hospitali ya Waislamu, Nsambya kuna ile ya Mtakatifu Fransisko. Hizo ni za kulipia. Kisugu na Kiswa kuna vituo vya afya vya KCCA, yaani mamlaka ya jiji, na huko chanjo ya mtoto ni bure. Halafu Nsambya kuna kambi ya polisi na Kibuli kuna chuo chao, na Kiswahili ni lugha ya askari tangu zamani. Hutakosa mtu wa kukuelewa sokoni.

Vyumba vitakuwa vidogo, nakubali. Mtoto wa miezi minne hahitaji sebule kubwa, anahitaji baba anayefika nyumbani kabla ya giza na kituo cha afya kisichozidi robo saa kwa miguu. Mumeo akienda kuangalia nyumba, abebe mfuko wa mchele wenye uzito wa mtoto, atembee kutoka mlangoni hadi kituo cha afya na kurudi. Asipande boda. Aone kama kuna mahali pa mtembea kwa miguu, au kama atasukumwa mtaroni na magari. Njia hiyo wewe utaipita na mbeleko, na mara nyingine kwenye matope.

Tahadhari moja: jina la mtaa huficha mambo. Kisugu ya juu imekaribiana kabisa na Namuwongo ya chini kwenye reli, lakini huko chini ni pembeni mwa mfereji wa Nakivubo, na mvua ikinyesha maji huwafuata watu ndani. Usikubali nyumba kwa kuambiwa jina tu.

Nimepata nyumba mpya Bwaise, vyumba viwili, vigae sakafuni, bei nusu ya nilizoona kwingine. Mwenye nyumba anasema mafuriko yalikuwa zamani. Mtoto wetu ana miezi saba.

Kaka, usiichukue. Bei ni nusu kwa sababu wapangaji wengine wanajua anachokuficha mwenye nyumba.

Kampala ni vilima, na maji ya vilima vyote hushukia mabondeni. Bwaise iko kwenye bonde linalopeleka maji kinamasi cha Lubigi. Mifereji imepanuliwa, ni kweli, lakini hujaa chupa na mifuko ya plastiki, na mafunjo yaliyokuwa yakinyonya maji yamefukiwa ili watu wajenge. Mambo ni hayo hayo Kalerwe na sehemu za chini za Nateete na Katwe. Mvua kubwa ni Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Ukitazama nyumba mwezi wa Januari, kila mtaa ni mkavu.

Hata bila mvua, ukuta utakuambia. Tafuta mstari wa maji kwenye rangi, hasa nyuma ya mlango na chooni. Tazama majirani: wakiwa wamejenga kizingiti cha saruji mlangoni kinachofika magotini, au kitanda kimeinuliwa juu ya matofali, hiyo si mapambo. Muulize mama anayeuza chapati pale nje, kwa kuwa yeye hana nyumba ya kupangisha.

Ninakazia hivi kwa sababu ya miezi saba uliyoitaja. Mtoto huyo anaanza kutambaa, na kila kitu anapeleka mdomoni. Mabondeni maji yakipanda hujaza vyoo vya shimo, na uchafu wote husambaa uani na sakafuni. Vigae utavifuta, lakini chemchemi ambako majirani wanachota maji haifutiki. Mwaka 2015 homa ya matumbo iliwapata maelfu ya watu Kampala, na chanzo kilikuwa maji na vinywaji vilivyochafuliwa. Mkubwa mara nyingi hupona. Mtoto wa umri huo akiharisha siku mbili anaweza kukauka maji mwilini kabla hamjaamua mwende wapi.

Lipo na jambo jingine watu hulisahau. Nyumba ikiwa ndani ya kinamasi, risiti ya kodi haitaizuia tingatinga. Mwaka 2024 NEMA, mamlaka ya mazingira, ilibomoa nyumba nyingi Lubigi, na waliolala nje na watoto ni wapangaji pia.

Ghorofani au chini?

Chini, kama ni pakavu. Ukienda juu, fungua bomba uone kama maji yanafika, kisha pima nafasi kati ya vyuma vya baraza: kichwa cha mtoto kikiweza kupita, tafuta nyumba nyingine.

Tumetoka Goma, tuko kwa shemeji Nsambya. Mke wangu anataka tupange karibu na Wakongo wenzetu. Mimi naona twende mbali ili mtoto azoee Kiganda na Kiingereza. Nani yuko sahihi?

Mkeo, kaka, na nitakueleza kwa nini nasema bila kusita.

Mzazi mwenye mtoto mchanga anahitaji watu kabla ya kuhitaji mtaa mzuri. Nani atamshika mtoto dakika kumi mama aoge? Nani atajua muuguzi yupi kituoni ana subira na mgeni? Nani atagonga mlango akiona haujafunguliwa hadi saa nne? Watu hao kwenu wako Nsambya, Makindye, Katwe na Masajja, kwenye ibada za Kiswahili na kwenye maduka ya vitenge na sombe (kisamvu). Zaidi ya hayo, mkimbizi anayeishi Kampala anajitegemea, kwa sababu mgao wa chakula ni wa kambini kama Nakivale au Kyangwali. Jirani anayekupimia kopo la maharagwe ni msaada wa kweli.

Kiganda mtoto atakiokota uani akicheza, wala hutajua alikipata lini. Wewe ndiye utakayekihangaikia.

Kituo cha afya cha serikali humpokea mkimbizi sawa na mwananchi, na bila malipo. Mara ya kwanza mpeleke mama na mtu wa kumtafsiria. Nimeona akina mama wakirudi na dawa wasiyojua inapewa mara ngapi kwa siku kwa sababu waliona haya kuuliza, na hilo linaniuma kila mara.

Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja iwe yake, mwenye nyumba anataka miezi sita mbele. Hii ni halali? Naogopa kutapeliwa.

Ya dalali ni desturi ya mji, na unaweza kubishana naye. Miezi sita usikubali na mtoto mchanga, hata kama pesa unayo, kwa kuwa ukigundua baada ya wiki tatu kwamba jirani ana baa inayopiga muziki hadi alfajiri, utakuwa umefungwa. Anza na miezi mitatu.

Tangu 2022 Uganda ina sheria ya wenye nyumba na wapangaji. Kodi haipandishwi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, inalipwa kwa shilingi isipokuwa mmekubaliana vingine, na hakuna kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Andikianeni mkataba.

Kabla ya kutoa hata shilingi, nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa huo. Muulize mwenye nyumba ni nani hasa na kama nyumba ina kesi. Atakuandikia barua, na itakufaa baadaye. Uliza pia mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, ni yenu peke yenu au mnachangia. Kwenye vile vyumba vya mstari mmoja, mizigo kama wenyeji wanavyoviita, jirani asiponunua umeme nyote mnalala gizani, na usiku wa kumbadilisha mtoto nepi gizani ni mrefu.

Tumehama katikati ya chanjo. Tuanze upya?

Hapana. Mnaendelea pale mlipoishia, hata kama wiki zimepita. Uganda hutoa chanjo siku ya kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Kadi ya mtoto isafiri mkononi mwa mama, si kwenye lori la vyombo.

Tangu tuhamie Najjera mtoto anakohoa. Ni mtaa?

Mpelekeni hospitali kwanza, na akihema kwa kasi au kifua kikibonyea, mwende leo. Baada ya hapo tazameni nyumba. Gari likipita barabara ya vumbi iliyo dirishani, vumbi lote linaingia kwenu. Jirani anapika kwa sigiri kwenye baraza ya pamoja? Takataka zinachomwa jioni nyuma ya ukuta? Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere una vipima hewa sehemu nyingi za jiji, na simu yako inaweza kukuonyesha hewa ya mtaa ilivyo. Mara nyingine inatosha kuhamia nyumba ya tatu kutoka barabarani, mtaa huo huo.

Mimi natoka Kampala kwenda Jinja na mtoto wa miezi mitano. Nitafute wapi?

Dada, umepata mji mwepesi kwa mama: mitaa ya katikati imenyooka na umbali ni mfupi. Tazama Mpumudde na zile sehemu za Walukuba ambazo maji ya bomba hayakatiki. Hospitali ya watoto ya Nalufenya iko mjini, nayo ni ya serikali. Bugembe ni nafuu, lakini iko kwenye barabara kuu ya malori, kwa hiyo kaa ndani ndani.

Kitakachobadilika ni malaria, kwa maana Busoga, eneo la Jinja, ina mbu wenye malaria wengi kuliko Kampala. Nunua chandarua chenye dawa kabla ya kununua pazia, na uone kama madirisha yana wavu. Mwaka 2025 Uganda ilianza kutoa chanjo ya malaria kwa watoto, dozi za kwanza zikiwa miezi 6, 7 na 8, kwa hiyo wako amefikia karibu. Ulizia siku ya kwanza utakapopeleka kadi. Na ukionyeshwa nyumba Masese karibu na ziwa, waulize wavuvi maji yalifika wapi mwaka 2020, ziwa lilipojaa.