Shampuu ya maji: ni lazima kuipika?

Dada yangu, umeuliza kama shampuu ya maji lazima ipite jikoni. Kwa malighafi ulizotaja, yaani sless (malighafi kuu ya sabuni, inayotoa povu na kusafisha), CDE (kimiminika cha kuongeza povu na uzito), gliserini, chumvi na manukato, hapana. Maji ya kawaida yanatosha. Mimi huyachemsha kwanza na kuyaacha yapoe, kwa ajili ya usafi tu.

Kinachowasumbua wengi ni sless. Ni nzito, inanata, na ukiimwagia maji yote kwa mpigo inafanya mabonge yanayoelea. Anza kuikoroga na CDE, kisha ongeza maji kidogo kidogo. Polepole lakini, la sivyo utabaki na ndoo ya povu! Mabonge yakibaki, funika ukalale. Asubuhi mengi yatakuwa yameyeyuka yenyewe.

Moto unahitajika ukitaka ule mng'ao wa lulu, au ukiweka nta za kulainisha nywele: hizo huyeyushwa kwenye nyuzi 70 hivi. Hapo manukato yasubiri ipoe chini ya nyuzi 40. Na kihifadhi, yaani dawa ya kuzuia shampuu isiharibike, usikiruke eti kwa sababu maji ulichemsha. Chumvi iyeyushe pembeni, utie kijiko kimoja kimoja huku ukiangalia uzito. Ikizidi, shampuu inarudi kuwa majimaji.