Vipele vya usiku: ni maziwa kweli?
Dada, umeuliza kama vipele vinavyokuwasha usiku vinatokana na maziwa, maana yanakujaza gesi. Mimi nisingeyalaumu haraka hivyo. Tumbo likishindwa kumeng'enya sukari ya maziwa, utapata gesi na kuharisha, si vipele. Mzio wa chakula ndio unaogusa ngozi, na mara nyingi hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa 2 baada ya kula.

Kwa hiyo andika ulichokula na saa uliyoanza kujikuna. Na sabuni je, umebadilisha? (Mimi nilisusa mayai miezi 3, kumbe sabuni ya kufulia mashuka!)

Midomo ikivimba au pumzi ikibana, usisubiri majibu yetu, kimbia hospitali.