Anayejaribu Kuacha Pombe: Je, Aache Swala na Akimbie Hospitali?

SWALI: Mimi ni dereva wa lori. Nilianza kunywa ili nipate usingizi baada ya safari za usiku, na sasa kila nikibanwa na madeni au ugomvi wa nyumbani, sijui pa kukimbilia ila kwenye chupa. Asubuhi mikono inatetemeka hadi maji ya udhu yanamwagika kutoka kwenye kopo. Imamu wa mtaani ameniambia Swala yangu haikubaliwi kwa siku 40, basi nimeacha kuswali. Ndugu zangu wanataka kunifungia chumbani mpaka niache pombe, wakidai kwamba kwenda hospitali ni upungufu wa imani. Nifanye nini?

JIBU: Uharamu wa pombe unaujua, ndugu yangu, ndiyo maana umeuliza, kwa hiyo sitaurudia. Kilichonisumbua ni kwamba umetolewa kwenye Swala na mtu aliyekusudia kukurekebisha.

Hadithi ya siku 40 ipo, ameipokea Tirmidhi, mkusanyaji wa Hadithi, na wengineo, lakini aliyekusomea ameikatia njiani, kwani inaendelea kusema kwamba mnywaji akitubu, Mwenyezi Mungu hupokea toba yake. Isitoshe, kutokubaliwa si sawa na kubatilika. Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Hadithi, akisherehesha Hadithi inayofanana nayo kuhusu mwenye kumwendea mpiga ramli, ameeleza kuwa mtu huyo hukosa thawabu, lakini faradhi ameitimiza wala halazimiki kuirudia. Basi mlevi anayeacha Swala hakupunguza dhambi, bali ameongeza nyingine iliyo nzito kuliko ya kwanza. Aya ya 43 ya Suratun-Nisaa inamkataza mtu kuikaribia Swala akiwa amelewa mpaka ajue anachosema; haikumwambia akae nje ya msikiti mwezi na siku kumi. Ukilevuka, sukutua, tawadha, uswali.

Na wale wanaodhani kwamba kumtenga mlevi ni kuitetea dini, wanamtetea nani? Katika Sahihi Bukhari imo habari ya Abdullah, aliyekuwa akimchekesha Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) na ambaye aliletwa mara kadhaa kupigwa kwa sababu ya kunywa. Mtu mmoja alipomlaani, Mtume alimkataza na akaapa kwamba Abdullah anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume Wake. Adhabu ilitekelezwa, lakini mlango haukufungwa. Katika kisa kingine cha namna hiyo aliwaambia Maswahaba wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao.

Kuhusu kukufungia chumbani, nasema wazi: haifai, na inaweza kukuua. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku, ukikatiwa ghafla, hutetemeka na kutoka jasho. Wengine hupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na baada yake wengine huchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo. Mtetemeko wako wa asubuhi ni dalili kwamba mwili wako umeshaizoea pombe kiasi hicho. Madaktari wana dawa za kuutuliza mwili katika siku hizo, pamoja na vitamini B1 ambayo mlevi huwa ameipungukiwa, na Mtume ametuamrisha tujitibu. Nendeni hospitali kabla hujaikata pombe, na umwambie daktari ukweli wa kiasi unachokunywa, bila kuona haya. Na rafiki atakayekwambia unywe kidogo kwa hoja ya dharura, mwambie kwamba hilo ni la daktari mwaminifu kulipima pale tu tiba nyingine inapokosekana, si la mtu wa kilabuni.

Sasa nije kwenye mawazo, maana humo ndimo chupa inamokupatia. Swahaba Twariq bin Suwayd alisema anaitengeneza pombe kwa ajili ya dawa, Mtume akamjibu kuwa hiyo si dawa bali ni ugonjwa, kama alivyopokea Imamu Muslim. Wewe mwenyewe umeshuhudia: pombe inakulaza saa chache, kisha inapotoka mwilini inakuamsha usiku wa manane, moyo unadunda na deni liko palepale. Basi zijue saa zako za hatari. Ikiwa ni jioni unapolaza gari, usibaki na wenzako wanaokwenda kunywa. Ingia msikitini ulio karibu, kisha mpigie simu mtu mmoja unayemwamini umwambie unachokisikia. Leta kwa wingi dua ya Mtume ya kujikinga kwa Mwenyezi Mungu na wasiwasi na huzuni, na uzito wa deni, kwani imetaja maradhi yako hasa. Na deni lenyewe, kaa na wanaokudai mpangiane malipo madogo madogo. Lisilosemwa ndilo linalokukosesha usingizi. Ukiteleza siku moja, tubu siku hiyohiyo na urudi kwa daktari.

Swala ulizoziacha zilipe taratibu: kila ukiswali faradhi ya wakati wake, ongeza moja uliyoiacha. Na siku za hospitali usipoweza kusimama, swali ukiwa umekaa au umelala.