Barafu Huyeyuka, Chumvi Huyeyuka: Majibu Kuhusu Hali za Maada

Swali: Tumefundishwa kwamba barafu huyeyuka, na kwamba chumvi nayo huyeyuka katika maji. Je, ni tukio moja?

Jibu: Ni matukio mawili, na anayeyachanganya hana kosa, kwa kuwa Kiswahili kimelitwika neno "kuyeyuka" kazi zote mbili. Barafu huhitaji joto tu: molekuli za maji, ambazo zilikuwa zimeshikana zikitetemeka papo zilipo, hupata nishati ya kutosha kuanza kupitana, na yabisi ikawa kimiminika. Chumvi ya mezani ikitiwa majini haigeuki kimiminika hata kidogo. Molekuli za maji huizunguka punje na kuzibandua ioni zake, yaani chembe zenye chaji ya umeme, za sodiamu na za kloridi, tabaka baada ya tabaka, mpaka zote zimetawanyika. Ndiyo maana katika mashamba ya chumvi ya pwani jua linapoyakausha maji ya bahari, ioni hizo hukutana tena na kujenga punje. Ukitaka chumvi iyeyuke peke yake kama barafu, utaipasha moto hadi nyuzi 801 za Selsiasi, na kabla hujafika hapo sufuria yako ya aluminiamu itakuwa imekwisha kuyeyuka, kwani yenyewe haivuki nyuzi 660. Ningewasihi walimu waseme kila mara "kuyeyuka kwa joto" au "kuyeyuka katika maji", kwa sababu maneno hayo mawili ya ziada humwokoa mwanafunzi na mkanganyiko wa miaka.

Swali: Ule weupe unaotoka kwenye birika la chai ni gesi?

Jibu: Hapana. Mvuke wa maji hauonekani kwa macho. Maji yakichemka sana, utaona kati ya mdomo wa birika na ule weupe pana nafasi ndogo inayoonekana tupu. Mvuke uko hapo, nawe usipeleke kidole, maana huunguza vibaya. Weupe ni matone madogo mno ya maji yaliyopoa hewani, kama ukungu wa asubuhi.

Swali: Nikiutikisa mtungi wa gesi ya kupikia nasikia kitu kama maji. Je, nimeuziwa maji?

Jibu: Ulichosikia ni gesi yenyewe ikiwa katika hali ya kimiminika. Mtungi huwa na propani, butani au mchanganyiko wake, na molekuli zake zimesongwa kwa shinikizo kubwa hadi zikakaribiana, zikavutana na kuwa kimiminika bila kugandishwa kwa baridi. Ukifungua vali shinikizo hupungua, nacho kimiminika huchemka mle ndani kikichota joto kutoka kwenye chuma cha mtungi, ndiyo maana ukipika kwa muda mrefu mtungi huwa wa baridi na pengine hutoa jasho kwa nje.

Swali: Chuma ni kigumu. Je, atomu yake moja nayo ni ngumu?

Jibu: Atomu moja haina ugumu wala umajimaji, si yabisi, si kimiminika, si gesi. Sifa hizo huzaliwa na jinsi atomu nyingi zinavyopangana, kuvutana na kusogea. Tanuru likifika nyuzi 1,538, atomu zilezile za msumari wa chuma, kila moja ikiwa na protoni (chembe za kiini chake) 26 kama mwanzo, huachia mpangilio wake na kutiririka.