Nimechaguliwa mwenyekiti wa tuliosoma shule yetu, nianzie wapi?

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni mwanamke wa miaka 37, nafanya kazi Dodoma. Mwezi uliopita nilichaguliwa mwenyekiti wa umoja wa tuliosoma shule yetu, shule ya bweni ya wasichana ya serikali. Sikugombea. Walinitaja nikiwa nimetoka nje kupokea simu, kurudi nakuta watu wanapiga vigelegele. Nimerithi grupu la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia tatu, daftari la michango lisilosomeka, laki nne na kidogo zilizoko kwenye simu ya mweka hazina wa zamani, na ahadi ya kujenga bwalo jipya ambayo uongozi uliopita uliitoa hadharani mbele ya viongozi wa mkoa. Mahafali ya kidato cha sita yanakaribia na mkuu wa shule ameshaniandikia barua. Wadogo zetu waliomaliza juzi hawachangii, dada zetu wa zamani hawaachi kuwasema. Mume wangu naye ameanza kuniuliza kama nimeajiriwa na hiyo shule. Nimesikia wewe umetoka kwenye kiti kama hiki. Nianzie wapi?

*Mwenyekiti Asiyegombea, Dodoma*

JIBU

Marahaba mwanangu. Hongera, na pole pia. Ni kweli, niliongoza umoja wetu kutoka mkutano mkuu hadi mkutano mkuu, na faili nimeshalikabidhi kwa mdogo wangu mmoja mwenye nguvu kuliko mimi. Shule yetu iko Nyanda za Juu Kusini. Kwa tunaokaa Dar, kuifikia ni basi la alfajiri, Mikumi, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni dirishani, halafu kupanda Kitonga nyuma ya lori la mafuta. Kwa hiyo sikuandikii kwa kusimuliwa.

Bwalo, usilijenge. Najua limetamkwa mbele ya wakubwa na linakunyima usingizi, lakini bwalo la wasichana mia kadhaa lina ramani, lina mhandisi wa halmashauri, lina makisio, na lina mwenyewe, ambaye si nyinyi. Michango ya elfu kumi kumi italitoa kwenye msingi na kuliacha kwenye renta, na kila mgeni atakayepita pale kwa miaka kumi ijayo ataonyeshwa gofu la waliosoma. Mwandikie mkuu wa shule barua fupi, nakala kwa mwenyekiti wa bodi: umoja umepokea uongozi mpya, ahadi ya bwalo imesitishwa mpaka mkutano mkuu utakapoijadili. Uliza pia kama shule yenu imo kwenye mpango wowote wa ukarabati. Shule kongwe nyingi zimekarabatiwa na serikali kupitia Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA, na itakuwa aibu kuchangishana kwa jasho kitu ambacho kimeshawekwa kwenye bajeti ya mtu mwingine.

Mahafali nenda. Hili halina mjadala. Ratiba itasema saa nne asubuhi, mgeni rasmi atafika saa saba, na watoto watakuwa wamepanga gwaride juani tangu asubuhi. Siku ukialikwa wewe kuwa mgeni rasmi, fika saa nne kweli. Mwalimu wa zamu atakuombea dua mpaka anastaafu. Kutakuwa na ngonjera, kutakuwa na igizo lenye baba mlevi (halikosekani, tangu enzi zetu), kisha itasomwa risala. Sikiliza risala kwa heshima, ila ujue kwamba anayeisoma ni msichana mwenye sauti nzuri, na walioiandika wako ofisini. Itataka kompyuta, uzio, basi la shule. Sisemi wanadanganya. Ruzuku ya uendeshaji iliyopangwa elimu bila malipo ilipoanza 2016 ilikuwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, piga hesabu mwenyewe uone kwa nini mkuu wa shule yeyote akimwona mgeni anaona basi.

Mshereheshaji naye atakuja na kipaza sauti mpaka kwenye meza yako: "Mama mwenyekiti, saruji mifuko mingapi?" Watu watakuwa wanapiga makofi kabla hujajibu. Sema umoja utaleta jibu kwa maandishi baada ya kikao, kaa chini. Atakuzomea kidogo kwa utani, yatapita. Zile ahadi za mezani ndizo zilizowafikisha mlipo.

Pilau likishaliwa, mwombe matroni mtembee mabwenini wawili tu, bila mpiga picha. Mimi hapo ndipo nilipopata kazi ya mwaka mzima. Vyoo vya bweni nililolala mimi havikuwa na komeo hata kimoja. Wasichana walikuwa wanakwenda wawili wawili, mmoja anaingia, mwenzake anashika mlango. Tangi la maji la plastiki lilikuwepo, kubwa, jipya, limewekwa na wafadhili, ila paa halina mifereji, kwa hiyo mvua yote ya nyanda za juu inamwagika chini na tangi ni kavu. Vitanda vya deka vilikuwa vimeachia sehemu za kuchomelea, wa chini analala akimtazama wa juu kwa mashaka. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichokuwemo kwenye risala, maana nani atasimama mbele ya mkuu wa wilaya aseme tunaomba komeo? Tulimwita fundi wa kuchomelea wa pale pale mjini, seremala, na fundi bati. Kazi ikaisha kabla ya kidato cha tano kuripoti Julai, kwa fedha ambazo zisingenunua hata nondo za bwalo lenu.

Unapopeleka vitu, viambatane na hati ya makabidhiano na viingizwe kwenye leja ya stoo. Unapopeleka fedha, ziingie kwenye akaunti ya shule na mpewe stakabadhi. Usimwachie mkuu wa shule bahasha hata kama ni mtu wa Mungu. Akihamishwa kesho, bahasha inahama naye kwenye maneno ya watu.

Sasa hizo laki nne. Nimekaa kaunta ya benki mpaka nikastaafu, kwa hiyo nivumilie kidogo. Fedha ya watu haikai kwenye simu ya mtu. Simu inaibiwa, laini inafungwa, mtu anafiwa usiku anakopa "nitarudisha Ijumaa". Muombe mweka hazina wa zamani kwa upole, kwa maandishi, aihamishe, na umshukuru hadharani siku akiihamisha. Ili mfungue akaunti, benki itataka cheti cha usajili. Vyama kama hivi husajiliwa na Msajili wa Jumuiya, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, kwa Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Mtatakiwa katiba, muhtasari wa kikao, orodha ya waanzilishi na wasifu wa viongozi. Katiba msinakili ya chama kingine neno kwa neno. Niliwahi kusoma moja ya wasichana imeandika "wavulana wote waliohitimu". Watia saini wawe watatu, wawili watoshe kutoa, na wasiwe wa mwaka mmoja wa kumaliza. Kila mwisho wa mwezi tuma taarifa ya benki kwenye grupu, ile yenyewe, yenye makato na kila kitu. Nilipoanza kufanya hivyo, maswali ya "hela yetu iko wapi" yalipungua na michango ikapanda bila mimi kuhubiri.

Na mkiwa na mtu mwenye kampuni anayetaka kutoa kikubwa, mwambie aulize TEA. Wanaochangia kupitia Mfuko wa Elimu, ulioanzishwa kwa sheria ya 2001, wanaweza kupewa hati inayowapa nafuu ya kodi. Wenye kampuni wakisikia kodi wanakaa vizuri kwenye kiti.

Kuhusu wadogo zenu wasiochangia, waambie dada zako wa zamani wapunguze kidogo. Mimi nimemaliza kidato cha nne 1981. Serikali ilinisomesha, ikanilisha, ikanipa na waranti ya basi kurudi nyumbani likizo. Tulilima, ni kweli, tulikamua ng'ombe wa shule saa kumi na moja asubuhi kwenye baridi ya kutoa machozi, lakini baba yangu hakuuza mbuzi kwa ajili ya ada. Ndiyo maana wa umri wangu tunaona tuna deni. Wewe mwanangu ni wa enzi ya shilingi 70,000 za bweni, na juu yake mchango wa mlinzi, wa mitihani, wa dawati, na godoro ubebe mwenyewe. Ukimwambia mtu wa enzi yako "shule ilikupa kila kitu", anakumbuka mama yake akihesabu noti. Hata hao wa baada ya 2016, ambao hawakulipa ada, wengi wako nyumbani na cheti wanatafuta kazi. Kwetu tuliweka kiingilio kidogo sana kwa ambaye hajapata kipato, tukawapa kazi badala ya kuwadai: wao ndio walioandika upya orodha yote ya wanachama, na wao ndio waliokaa na kidato cha nne Oktoba kuwaeleza habari za tahasusi, yaani michepuo ya masomo ya kidato cha tano, na mikopo ya chuo, kitu ambacho sisi tungekieleza kwa mifano ya 1984.

Nani awe mwanachama? Hukuniuliza, ila utaulizwa. Kikao chetu kimoja kiligawanyika kwa mama mmoja aliyetolewa shuleni kidato cha tatu kwa ujauzito. Alikuwa hajamaliza, wakasema, kwa hiyo hahusiki. Mimi nilisema anahusika, na bado nasema. Tangu Novemba 2021 serikali imewafungulia mlango wasichana wa namna hiyo kurudi masomoni. Sisi wenye vitenge vya sare tungebaki nyuma ya serikali? Tulipiga kura, tukashinda kwa tofauti ndogo, na wawili walijitoa kwenye grupu usiku ule ule. Mama yule ni mshonaji. Mapazia ya zahanati ya shule alishona yeye, hakutoza kitu.

Misiba ndiyo itakayokuchosha kuliko mahafali. Kwetu katika kipindi cha karibu karibu tulifiwa na wenzetu wawili. Mmoja mumewe alikuwa mkubwa ofisini: magari yalijaa mpaka barabarani, rambirambi ilichangwa ndani ya saa chache. Mwingine alikuwa anauza vitumbua Mbagala. Tulikwenda watu wa kujaa bajaji moja. Niliona haya kukaa kwenye ule mkeka. Kikao kilichofuata tukaweka kiwango kimoja cha rambirambi kwa kila mwanachama aliyemo kwenye orodha, kinatoka kwenye mfuko wake maalumu, hakisubiri mtu apigiwe debe. Anayetaka kuongeza, aongeze kwa mkono wake kule msibani. Fanya hili mapema, kabla msiba haujatokea, kwa sababu ukilifanya katikati ya msiba kila mtu atadhani unamsema marehemu.

Huwezi kwenda kila mahali, na usijaribu. Chagua wawakilishi wa mikoa, wao wafike kwa niaba yako, ila mahafali mawili ya mwaka, mkutano mkuu na kikao cha bodi kama mna kiti, hivyo nenda mwenyewe. Mwaka una mapengo yake pia: Mei kidato cha sita wako kwenye mtihani, Novemba kidato cha nne, shule haitaki mgeni. Hayo mapengo mpe mumeo. Na mahafali ya mwaka huu mchukue. Maskauti wamvishe skafu, akae meza ya mbele, mshereheshaji amwite "shemeji yetu". Wangu alikuwa ananuna kama wako. Baada ya ile skafu ndiye aliyekuwa ananiuliza safari ni lini.

SWALI LA PILI

Mama, tunataka kukutana hotelini Dar kwa sababu shuleni ni mbali. Wengine wanasema huko ni kwenda kuvaa tu. Wewe unaonaje?

*Wa 2003, Kigamboni*

JIBU

Kuvaa si dhambi, kutaneni. Ila chakula kila mtu alipie mwenyewe, msiguse mfuko wa umoja kwa ajili ya ukumbi. Na kama mtapeleka taulo za kike shuleni kama nilivyosikia, mkabidhini matroni na mpige picha maboksi tu. Picha ya binti wa miaka 15 akipokea pedi kwa mikono miwili mbele ya kitambaa chenye majina yenu isiingie kwenye grupu. Siku hizi ipo hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, mkuu wa shule au mzazi akiamua kuwauliza mlipata wapi ruhusa, hamtakuwa na jibu.