Maswali ya wasomaji: Najdorf ni nani?

SWALI: Habari mhariri, mimi ni mchezaji mpya wa chesi, kila nikicheza Sisilia (ule ufunguzi wa kete nyeusi) programu inaniandikia "Najdorf". Huyu ni mtu au ni sehemu? Na jamaa mmoja kaniambia eti alikimbia vita, ni kweli?

JIBU: Salama kabisa ndugu yangu. Ni mtu, na aina hiyo ya Sisilia imepewa jina lake, tena ni mtu ambaye ukishamjua hutaicheza hiyo Sisilia vilevile tena. Alizaliwa 1910 karibu na Warsaw, Polandi, familia ya Kiyahudi, jina lake la kwao Mojsze Mendel Najdorf. Kusema alikimbia sio sawa sana, maana yeye vita vilimkuta yuko mbali na nyumbani. Agosti 1939 timu ya Polandi ilikuwa Buenos Aires, Argentina, kwenye Olimpiadi ya chesi, na mashindano yakiwa katikati ndio tarehe 1 Septemba Ujerumani ikaivamia Polandi. Hebu fikiria, Wapolandi na Wajerumani wako kwenye ukumbi mmoja! Mechi yao haikuchezwa, ikaandikwa sare 2-2, Ujerumani ikachukua ubingwa, Polandi ya pili kwa tofauti ya nusu pointi tu. Najdorf hakurudi, na wachezaji wengine wengi hawakurudi, akina Paulino Frydman, Gideon Ståhlberg, hata Erich Eliskases aliyekuwa upande wa timu ya Ujerumani naye alibaki Amerika Kusini.

Ila Najdorf huku nyuma alikuwa ameacha mke, mtoto, wazazi na ndugu zake wanne. Wote waliuawa na Manazi. Kubaki kule ndiko kulikomwokoa yeye, na mimi kila nikiisoma hii habari inanichoma.

SWALI: Nimesikia alicheza na watu 40 bila kuangalia ubao. Inawezekanaje, na alikuwa anatafuta sifa?

JIBU: Sifa? Hapana jamani. Ilikuwa Rosario, Argentina, 1943. Yeye haoni ubao hata mmoja, anatajiwa tu hoja ya mpinzani (yaani kete aliyosogeza na ilipokwenda) na namba ya meza, anajibu, wanaenda meza inayofuata, mbao zote 40 ziko kichwani. Alieleza mwenyewe kwamba alitaka magazeti yaandike, habari ifike Ujerumani, Polandi na Urusi, labda kuna mtu wa familia yake yuko hai ataliona jina lake amtafute. Kwahiyo alikuwa anawaita watu wake kwa njia pekee aliyokuwa nayo. Januari 1947 akarudia São Paulo, Brazili, safari hii mbao 45, akashinda 39, sare 4, akafungwa 2, ikachukua karibu saa 24. Rekodi hiyo ilikaa mpaka 2011 ndo Mjerumani Marc Lang akacheza mbao 46.

SWALI: Kama alikuwa mkali hivyo mbona hakuwa bingwa wa dunia?

JIBU: Hapa mimi nasema alionewa. 1946 kule Groningen, Uholanzi, alimfunga Mikhail Botvinnik wa Muungano wa Kisovyeti, na mwaka huohuo akashinda mashindano ya Prague. Mashindano ya kutafuta bingwa mpya 1948 waliitwa sita, Reuben Fine akajitoa, nafasi ikabaki wazi na Najdorf bado hakuitwa, na Botvinnik yuleyule ndiye akachukua taji. 1950 alikuwa kati ya watu 27 wa kwanza kupewa ugrandimasta, cheo cha juu cha chesi, na FIDE, shirikisho la chesi la dunia, akacheza mashindano ya kumpata mpinzani wa bingwa Budapest 1950 na Zurich 1953, hakufika juu. Tangu 1944 alikuwa raia wa Argentina, anaitwa Miguel, anauza bima na akatajirika, yaani chesi haikuwa kazi yake pekee. Alifariki 1997 Málaga, Hispania.

SWALI: Sasa hiyo a6, hoja inayoifanya Sisilia iitwe Najdorf, faida yake nini, na nianze na mchezo gani wake?

JIBU: Kuisogeza askari kutoka a7 hadi a6 hoja ya tano inaonekana kama kupoteza muda, lakini unazuia farasi na askofu wa nyeupe wasitue b5, halafu unajiandalia e5 au b5 yako mwenyewe. Mchezaji wa Kicheki Opočenský aliicheza kabla yake, Najdorf ndiye aliyeipa nguvu, baadaye mabingwa wa dunia Fischer na Kasparov wakaitegemea miaka na miaka. Mchezo wa kuanza nao tafuta ule aliocheza Warsaw akiwa kijana na kete nyeusi, anatoa kafara farasi wawili na maaskofu wawili wote, mfalme wa nyeupe anavutwa mpaka katikati ya ubao halafu askari wa h5 ndiye anayetoa chekimeti. Uweke kwenye ubao halisi, sogeza polepole, na kabla ya kila kete anayotoa simama ujiulize wewe ungefanyaje.